Kufufua Pikipiki ya Zamani: Honda CG125 kwa Fundi Anayeanza

Honda CG125 inamfaa kuliko pikipiki nyingi mtu anayetaka kujifunza ufundi nyumbani kwa kufufua chombo kilichotelekezwa. Iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupitishwa barabara mbovu na hubadilishiwa oili siku mwenyewe atakapokumbuka. Injini yake ina silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 124. Vali zipo juu, lakini husukumwa na vijiti virefu kutoka kwenye kemshafti iliyo chini, na kemshafti hiyo huzungushwa na gia badala ya cheni. Maana yake ni kwamba hakuna cheni ya taiming ya kulegea wala kukatika, na kichwa cha injini huweza kufunguliwa na kurudishwa bila kuvuruga mpangilio wa kemshafti. Kwa mkono usiozoea, hiyo ni nafuu kubwa.

Nafuu ya pili ni vipuri. Viwanda vya China viliinakili injini hii kwa wingi, na pikipiki nyingi zinazobeba abiria Afrika Mashariki leo zina injini ya ukoo huo. Gasketi, ringi, kebo, pleti za klachi na hata kabureta nzima hupatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na katika maduka ya vipuri ya miji midogo. Lakini kufanana si kuwa kitu kilekile. Zipo nakala zenye silinda pana zaidi, zipo zenye mashimo ya bolti yaliyosogezwa kidogo, na ubora wa chuma hutofautiana sana. Kipuri cha zamani kiende dukani mkononi, kilinganishwe na kipya kwa vernia au angalau kwa kuviweka pamoja, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kabla ya spana kuguswa, kuna karatasi. Pikipiki iliyokaa uani kwa marehemu babu au nyuma ya ofisi ya mradi uliofungwa mara nyingi haina kadi, au ina kadi yenye jina la mtu asiyejulikana alipo. Namba iliyogongwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani, na ile ya kwenye injini zilinganishwe na kadi ya usajili ya TRA kwa Tanzania, au kumbukumbu za NTSA kwa Kenya. Namba iliyosagwa au kugongwa upya ni sababu tosha ya kuachana na mauzo. Injini mbovu hutengenezeka, lakini pikipiki isiyoweza kusajiliwa hubaki pambo la sebuleni hata ikiwaka vizuri namna gani.

Kazi nyingi za namna hii hufia njiani kwa sababu moja: mwenye pikipiki huifungua yote wikiendi ya kwanza. Jumapili jioni kuna ndoo tatu za nati, fremu imepelekwa kupakwa rangi, na hakuna anayejua kama injini ilikuwa nzima au la. Miezi sita baadaye vitu hivyo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwanzilishi anashauriwa kufungua kidogo iwezekanavyo. Pikipiki ithibitishwe kwanza kuwa inaweza kuwaka, halafu kuwa inaweza kusimama, na rangi ije mwisho. Kinachofunguliwa kipigwe picha kabla na baada, na bolti za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake ulioandikwa jina. Bolti za kifuniko cha injini huwa na urefu tofauti. Njia nzuri ni kuzichomeka kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la kifuniko chenyewe.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Spana na soketi za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19 hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Fila geji, mita ya umeme, plaizi, brashi ya waya na taa nzuri huongezwa. Kuna jambo dogo ambalo watu wachache huelezwa: skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zimekatwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai ndani yake sawasawa. Huteleza, hula kichwa cha skrubu, kisha fundi hulaumu kutu. Bisibisi ya JIS, au bisibisi ya kugonga kwa nyundo yenye kichwa kinachokaa vizuri, huokoa saa nyingi za kutoboa skrubu zilizoharibika. Kitabu cha fundi nacho ni kifaa. Kampuni ya Haynes ya Uingereza ilichapisha kimoja cha CG125, na vipimo vyake vya kukaza bolti na vya nafasi mbalimbali vinastahili kufuatwa kuliko kumbukumbu ya jirani.

Injini ichunguzwe ikiwa bado kwenye fremu. Plagi hutolewa, mafuta ya kulainisha kiasi cha kijiko humiminwa kwenye silinda kupitia tundu lake, na kuachwa usiku kucha. Kisha kiki husukumwa kwa mkono, taratibu. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, pistoni imeganda ndani ya silinda, na hapo nguvu ni adui. Kurukia kiki kwa mguu hupinda shafti yake au huvunja meno ya gia ndani, na gharama ya uharibifu huo huizidi ile ya pistoni. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu oili ya gia za otomatiki hupenya kwenye kutu kuliko oili ya kawaida; huongezwa kila siku kwa siku kadhaa. Kisha pikipiki huwekwa gia ya juu kabisa, na gurudumu la nyuma husukumwa mbele na nyuma kwa kiasi kidogo. Mara nyingi pistoni huachia kwa milimita moja, kisha mbili, kisha yote. Baada ya wiki mbili bila mafanikio, silinda italazimika kufunguliwa.

Injini inayozunguka hudai vitu vitatu ili iwake: moto, mafuta na mgandamizo. Moto ndio rahisi kupimwa. Plagi mpya, aina ya NGK D8EA yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, hufungwa kwenye kofia ya waya wake, mwili wake hugusishwa kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, na kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyekundu iliyofifia, au kukosekana kwa cheche, kwenye CG za mwanzo mara nyingi husababishwa na platini zilizoota kutu. Husafishwa kwa msasa laini sana, hufutwa kwa spiriti, na nafasi yake huwekwa kati ya milimita 0.3 na 0.4. Matoleo ya baadaye yanatumia CDI isiyo na platini. Huko huangaliwa viunganishi vya waya, koili na swichi ya kuzimia. Ikiwa flaiwili lazima itolewe, itolewe kwa pula yake. Nyundo hupasua sumaku zake na kupinda ncha ya krenkishafti.

Mgandamizo hupimwa kwa geji iliyofungwa kwenye tundu la plagi, resi ikiwa imefunguliwa kabisa na kiki ikipigwa mara kadhaa mfululizo. Geji ikifika karibu na bar 10, sehemu ya juu ya injini iachwe kama ilivyo. Ikiwa chini sana, oili kijiko kimoja huwekwa kwenye silinda na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda, ringi au silinda vimechoka. Isipopanda, vali hazifungi. Lakini kabla ya kulaumu vali, nafasi yake ipimwe, kwa sababu vali iliyobanwa haiwezi kufunga hata ikiwa nzima. Kwenye CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa ya baridi na pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kugandamiza. Alama ya T kwenye flaiwili ndiyo huonyesha pistoni imefika juu. Alama hiyo hupita mara mbili katika mzunguko mmoja kamili wa kazi ya injini. Mpigo sahihi ni ule ambapo vijiti vyote viwili vina nafasi ya kuchezacheza.

Mafuta ndiyo shida kubwa ya pikipiki iliyokaa. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta hukauka na kuacha utando wa kahawia, mgumu kama gundi, ndani ya njia nyembamba kuliko sindano. Jeti ya mwendo wa chini ina tundu lisilofika nusu milimita, na ikiziba, injini huwaka kwa choki tu, kisha huzima choki inaporudishwa. Kabureta hufunguliwa juu ya sinia jeupe, ili kipuri kidogo kikidondoka kionekane. Jeti hutolewa, hulowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta na kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Waya wa chuma usipitishwe ndani yake, maana tundu likipanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, uwiano wa hewa na mafuta umeshaharibika. Unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya mwembamba wa umeme unavumilika. Idadi ya mizunguko ya skrubu ya hewa ihesabiwe wakati wa kuikaza hadi mwisho, iandikwe, kisha skrubu itolewe. Floti hutikiswa sikioni. Ikilia maji ndani imetoboka. Kabureta mpya ya Kichina hushawishi kwa bei yake, lakini iliyo asili, ikiwa haijaliwa na kutu, ikisafishwa vizuri kwa kawaida huipa injini mwendo tulivu zaidi.

Hakuna faida ya kusafisha kabureta huku tangi likiendelea kuimwagia kutu. Ndani ya tangi huangaliwa kwa tochi ndogo ya betri, kamwe si kwa kiberiti. Hata tangi linaloonekana kavu huwa na mvuke wa petroli wa kutosha kulipuka. Kwa sababu hiyohiyo, tangi lililotoboka lisipelekwe kwa mchomeleaji asiyejua kuliandaa. Kutu nyepesi hutolewa kwa maji yenye asidi ya limao, ile ya unga mweupe, kiasi cha gramu 100 kwa kila lita, yakiachwa humo usiku mmoja pamoja na konzi ya nati ndogo za kutikisia. Baadaye tangi husuuzwa kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, husuuzwa tena kwa maji safi, na hukaushwa papo hapo kwa spiriti na hewa. Chuma kilichotolewa kutu huanza kuota nyingine ndani ya saa chache, na kwa watu wa Tanga, Mombasa au Unguja saa hizo ni chache zaidi. Oili kidogo izungushwe ndani, au tangi lijazwe petroli siku hiyohiyo.

Magadi yana kazi nyingine yenye manufaa makubwa. Vipuri vya chuma kama vibano, stendi na mikono ya breki huweza kuvuliwa kutu kwa umeme. Kipuri huning'inizwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji na vijiko kadhaa vya magadi, na kuunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12. Bamba la chuma cha kawaida hutumbukizwa pembeni bila kugusana nacho, na kuunganishwa na ncha chanya. Kutu hulegea na kubanduka bila chuma kizima kuliwa. Kazi hii ifanyike nje, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na chuma cha pua kisitumike kama bamba, maana hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Alumini haimo kabisa katika utaratibu huu, magadi huila.

Oili iliyomo hutolewa kabla ya kuwashwa, hata ikionekana safi. Rangi ya maziwa inaonyesha maji yameingia. Vipande vinavyong'aa na kushika kwenye sumaku vinaonyesha kuna gia au beringi inayosagika. Chujio la waya chini ya injini lisafishwe, pamoja na kile chungu cha kuzunguka kilicho upande wa klachi, ambacho hukusanya uchafu kama tope la kinamasi na ambacho mafundi wengi wa barabarani hawajawahi kukifungua. Oili mpya ni karibu lita moja. Inunuliwe ile yenye alama ya JASO MA. Klachi ya CG125 inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze.

Kuwashwa kwa mara ya kwanza kufanyike nje, kwa chupa ndogo ya petroli safi iliyoning'inizwa juu ya kabureta badala ya tangi, na kizimamoto cha unga kikiwa karibu. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo unatokana na oili iliyomiminwa kwenye silinda, na hukata wenyewe. Moshi wa buluu usiokwisha baada ya injini kupata joto ni ishara ya ringi au sili za vali. Mlio mwembamba wa tiki-tiki kutoka juu ni wa vali na hautishi. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaozidi resi inapopanda, ni wa beringi ya konrodi, na injini izimwe hapo hapo. Huo ndio mpaka wa kazi ya nyumbani kwa anayeanza: kutenganisha nusu mbili za injini na kubadilisha konrodi kunahitaji presi na mtu aliyekwishafanya kazi hiyo. Kubadilisha pistoni na ringi kunawezekana nyumbani, mradi silinda ipelekwe kwa fundi wa mashine kupimwa na kuchongwa kwa kipimo cha pistoni mpya. Silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyokwisha nunuliwa, ikiwa mezani kwa fundi huyo.

Baada ya injini kuwaka, kishawishi cha kwenda nayo barabarani ni kikubwa. Kishindwe. Pikipiki iliyosimama miaka 15 ina tairi za miaka 15, na tairi huzeeka hata bila kutembea. Ubavuni mwa tairi zilizoundwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne: 2307, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2007. Zenye tarakimu tatu ni za kabla ya hapo na zitupwe bila mjadala, pamoja na tyubu na mikanda ya mpira inayofunika ncha za spoku. Spoku zenyewe hugongwa moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hutoa mlio wa juu, na iliyolegea hutoa mlio mfu.

Breki za CG125 za zamani ni za ngoma mbele na nyuma. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kompresa, kwa kuwa viatu vya breki vya miaka hiyo vilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Hulowanishwa kwa maji yenye sabuni na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa. Viatu vipya ni bei ndogo. Vilivyoloa oili visisafishwe, vibadilishwe, na chanzo cha oili kitafutwe. Ekseli ndogo inayotanua viatu hukauka na kukwama, na ndiyo inayofanya breki ishike lakini isiachie. Hutolewa, hufutwa na kupakwa grisi kiasi kidogo sana. Kebo zote zibadilishwe. Cheni ya 428 hupimwa kwa kuvutwa: pingili 20 mpya zina urefu wa milimita 254, na zikifika 259 cheni imekwisha. Hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huisha kwa miezi michache. Anayefungua shingo ya usukani atandike shuka chini kwanza, kwa sababu gololi zilizomo hazijafungwa pamoja na hutawanyika mvunguni na kila mahali.

Umeme huwatisha wengi kuliko inavyostahili. Waya za Honda zina lugha yake: kijani ni ardhi, nyekundu hutoka kwenye betri, nyeusi hupata umeme swichi ikifunguliwa. Hitilafu nyingi hutokana na ardhi iliyopakwa rangi au kuota kutu mahali inapofungwa kwenye fremu. CG za mwanzo ni za volti 6, na balbu za volti 12 ndani yake hutoa mwanga wa kibatari. Waya zilizowahi kuunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa selotepu zikatwe na kuunganishwa upya kwa risasi na mpira wa kusinyaa.

Rangi na kromiamu havina haraka. Fremu iliyochubuka husuguliwa kwa msasa, hupakwa praima na kupulizwa rangi ya kopo, na matokeo yakawa ya heshima. Tangi likabidhiwe kwa mpaka rangi wa magari kama fedha ipo. Rangi ya awali iliyofifia lakini ikabaki na nembo zake za kiwandani ni vyema iachwe. Rangi mpya huweza kupakwa wakati wowote, lakini ya kiwandani ikishavuliwa hairudi, na wapenzi wa pikipiki za zamani huithamini kuliko mng'aro wa juzi.

Safari za mwanzo ziwe fupi, karibu na nyumbani, na spana ya namba 10, 12 na 14 mfukoni. Bolti za injini, ekseli na usukani hukaguliwa baada ya kila safari kwa wiki ya kwanza, kwa sababu mtikisiko hulegeza kila kilichofungwa upya. Ikiwa pistoni ni mpya, injini isikamuliwe resi ya mwisho wala kubebeshwa abiria kwa kilomita 500 za kwanza, na oili ibadilishwe mwisho wa kipindi hicho. Na kabla ya safari yoyote kati ya hizo, bima ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria Tanzania na Kenya, hata kwa pikipiki yenye umri wa miaka 40.